Siku ya Mwisho Haikuhesabiwa

Jamleck Kiragu hakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kilibaki kwenye msumeno wa karakana mwaka wa 1988. Hakuwa na kompyuta yake mwenyewe. Hakuwa na cheti cha shule yoyote hadi alipofikisha miaka hamsini na tatu. Hakuwa na subira na watu wanaochelewa, wala hakuwa na mtu nyumbani kwake Uthiru aliyeelewa kwa nini fundi mstaafu wa miaka sabini na moja anajifunza hifadhidata, yaani kupanga na kuuliza kumbukumbu kwa kompyuta. Alichokuwa nacho ni kiti cha mbele, karibu na dirisha, katika darasa la jioni la Waithaka, na Jumatatu hiyo kiti chenyewe kilikuwa hatarini.

Mwalimu Awuor alisoma ujumbe kwenye simu yake huku wanafunzi wakiendelea kuvuta viti.

"Shirika linalotufadhili linasema darasa litafungwa Ijumaa," alisema. "Walitaka watu arobaini wawe wamejiandikisha kufikia tarehe thelathini Januari. Wamehesabu wanane."

"Wanane!" Mukonyo, aliyeuza mboga mchana na kujiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne jioni, alisimama akaanza kuhesabu vichwa. "Mwalimu, safu ya nyuma peke yake ina watu kumi na wawili. Kwani hawa wengine ni majini?"

"Mimi nilijiandikisha," alisema Kilonzo, mlinzi wa nyumba moja Loresho. "Tarehe thelathini yenyewe. Nilikaa kwa foleni mpaka nikajua majina ya watoto wote wa yule alikuwa mbele yangu."

"Na huyo alikuwa mimi," alisema Mukonyo. "Ulinichosha na maswali."

Darasa likacheka. Awuor hakucheka. Alikuwa ameshapiga simu mjini na kuambiwa kwamba mfumo wa kompyuta haukosei.

"Hao wanane ni akina nani?" Jamleck aliuliza.

Awuor akasoma majina. La kwanza lilikuwa la Jamleck mwenyewe, aliyefika tarehe tano, siku ya kwanza, kabla mlango haujafunguliwa. Wengine saba walikuja mmojammoja katika wiki zilizofuata.

"Hakuna hata mmoja wa tarehe thelathini," alisema Jamleck. "Na sote tunajua watu wa hapa hujiandikisha siku gani."

"Mzee, usianze," Kilonzo alimwomba.

"Sianzi. Leo uvivu wenu ndio ushahidi."

Asubuhi iliyofuata alivaa koti na tai, akashuka mjini na kupanda ngazi hadi orofa ya tatu, kwenye ofisi ya shirika. Aliyeshughulikia takwimu alikuwa msichana aliyeitwa Ndanu. Alimpa kiti kabla hajamuuliza shida yake, na kwa hilo Jamleck akampenda mara moja.

"Mzee wangu, pole sana," alisema Ndanu aliposikia habari ya Waithaka. "Lakini mfumo umesema nane."

"Mfumo hujibu ulichouliza, madam. Uliuliza nini?"

Ndanu akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Unajua mambo ya hifadhidata?"

"Niko sura ya sita."

Ndanu akacheka, akageuza kioo cha kompyuta. Swali lilikuwa fupi: hesabu wote waliojiandikisha kati ya 2026-01-05 na 2026-01-30. Jamleck alivaa miwani, akalisoma mara mbili bila haraka.

"Mtu anapojiandikisha, mfumo unaweka tarehe peke yake, ama na saa?"

"Na saa. Mpaka sekunde."

"Basi hapo ndipo ulipokosea." Alitoa futi ya chuma mfukoni, maana hajawahi kutembea bila futi, akaivuta juu ya meza. "Ona huu mstari wa thelathini. Wewe umeuambia mfumo upime hadi hapa. Lakini siku si mstari. Siku ni hii nafasi yote kutoka thelathini hadi thelathini na moja. Usipotaja saa, mfumo unachukua tarehe thelathini inapoanza, saa sita kamili usiku. Hapo unasimama. Aliyejiandikisha asubuhi hiyo ameshapitwa."

Ndanu alilisoma tena swali lake. "Mwaka jana tulihesabu kwa mkono," alisema polepole. "Hili swali nililiandika mwaka huu."

"Liandike hivi: kuanzia tarehe tano, na kabla ya tarehe thelathini na moja. Kabla. Usiandike hadi."

Ndanu aliandika, akabonyeza. Nane ikatoweka. Pakatokea sitini na tano.

"Ati nini?" Alibonyeza tena. Sitini na tano. Akafungua orodha yenyewe, na majina yakaanza kushuka: Mukonyo saa nne na dakika kumi, Kilonzo saa nne na dakika kumi na tatu. "Watu hamsini na saba siku ya mwisho! Wakenya, jamani!"

"Nimewaambia miaka yote," alisema Jamleck, akashangaa kujisikia anajivunia wachelewaji wale.

Ndanu alijaribu vituo vingine vitatu vilivyokuwa vifungwe. Vyote vikavuka arobaini. Alikimbia hadi chumba cha mkubwa wake, Bwana Wachira, akamvuta aje aone. Wachira aliangalia kioo, akaangalia futi, akampa Jamleck mkono kwa heshima kama anayesalimia mkaguzi.

"Barua iandikwe sasa hivi," alisema. "Darasa linaendelea mwaka mzima."

Ndanu alipoichapa, Jamleck aliomba kuisoma kwanza.

"Hapa umeandika 'hadi tarehe 30 Januari'," alisema. "Ongeza 'siku nzima'."

"Mzee, hii inasomwa na binadamu!"

"Ongeza tu, madam."

Akaongeza. Wachira akatia sahihi na mhuri. Jamleck alinyoosha mkono kuipokea, lakini Ndanu akatikisa kichwa: barua za ofisi hupelekwa na mtu wa ofisi. Aliikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi na kuibana kwa kiganja. Odero wa pikipiki akaiandika kwenye daftari lake, akaitia mkobani, akashuka ngazi nayo kwenda Waithaka.