Mwiko wa Samanu Ulipogoma

Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi, ilikuwa mlangoni na theluji ya mwisho imeshayeyuka milimani, ndipo mwiko ulipogoma ndani ya sufuria ya samanu, uani kwa Turan, mjini Kashan, Iran. Samanu yenyewe, ule uji mzito wa ngano iliyooteshwa, haikuwa na tatizo. Ilikuwa ikitokota vizuri, mapovu yakipasuka juu. Mwiko tu ndio uliosimama wima katikati na kukataa katakata.

Turan alijua sababu, akajifanya hajui. Kila mwanamke anayeshika mwiko wa samanu hutia nia ya mwaka mpya moyoni huku akikoroga. Asubuhi hiyo Taranom, binti yake wa pekee, alikoroga macho kayafumba, na hata mbuzi wa jirani alijua anaomba nini: viza ya kwenda kusoma Ujerumani. Kisha Turan akaupokea mwiko, na badala ya kumwombea mtoto afya kama mama mwenye akili timamu, akanuia: asiende. Mzunguko ule haukumalizika.

"Humu kuna nia mbili zinavutana," alisema jirani yake Nosrat, bingwa wa samanu mtaani, kwa sauti ya fundi bomba. "Hautoki huu mpaka mmoja aondoe yake. Haya, semeni, nani kaomba nini?"

Mahin, bibi harusi wa nyumba ya pili, alimtupia jicho mama mkwe wake. "Mimi sisemi."

"Sema, mwanangu, sote wanawake hapa," mama mkwe akamhimiza.

"Niliomba uhamie Ahvaz, kwa mwanao mkubwa."

"Ahvaz! Kwenye joto lile!" Mama mkwe akashika kiuno. "Basi na mimi, kwa taarifa yako, niliomba hicho hicho. Nimechoka kula wali wako mbichi."

Hao walikuwa wamepatana. Sufuria haikuwa na ugomvi nao.

Mwanamume haruhusiwi kuisogelea samanu, kwa hiyo Iraj, shemeji yake Turan na fundi wa magari, alipiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta. "Mmejaribu rivasi?"

"Iraj, hebu tupumzishe!"

"Nina winchi hapa!"

"Jifunge nayo mdomo!" Nosrat akamjibu.

Wakajaribu rivasi, kwa siri. Wakaupaka mwiko mafuta. Nosrat akautukana, kisha akauomba radhi. Wapi! Chini ya sufuria kukaanza kunukia moshi, na kila mmoja uani pale alijua kwamba samanu ikiungua, nia zote huungua nayo.

"Mama!" Taranom alikuwa amekauka midomo. "Viza yangu imo humo!"

Turan aliwasukuma wenzake, akaushika mwiko na kuinamia mvuke. "Aende," akanong'ona, "lakini arudi Ijumaa."

Mwiko haukutikisika.

"Aende, ila baridi ya huko imshinde."

Bado.

"Aende Qom, hapo jirani."

Hapo ulitikisika kidogo, kama mtu anayebana kicheko.

"Huna adabu wewe," Turan aliuambia. "Unajua nyumba hii ilivyo kubwa? Baba yake alipokufa tulihamia chumba kimoja, mimi na yeye, tusisikie ukimya wa vingine. Sasa nitagombana na nani asubuhi? Nani atanifichia chumvi nisiizidishe?"

Moshi ulizidi. Turan akamtazama binti yake, aliyekuwa amesimama karibu na ndoo, mikono kifuani, akiisubiri sufuria kwa hofu ya mtu anayesubiri majibu ya daktari. Roho ikamuuma. Akanyanyua sauti, hata Iraj akaisikia.

"Ni mimi niliyenuia abaki! Naogopa kubaki peke yangu, basi! Naiondoa. Aende, asome, apendwe huko huko, na akisahau kunipigia simu siku moja, sitanuna."

Mwiko ukaachia ghafla. Turan aliyumba, almanusura atumbukie, na Taranom akamdaka kiunoni.

"Kumbe ni wewe, Mama!"

"Ni mimi. Koroga, isiungue."

"Umetoka?" akauliza Iraj.

Taranom alikoroga huku akilia na kucheka, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine haukumwachia mama yake. Turan akachota samanu kidogo kwa ncha ya kijiko. Alitumaini, Mungu amsamehe, kwamba ingekuwa imeshika moshi, walau kidogo. Akaonja. Katika miaka yote aliyopika hakuwahi kupata samanu tamu hivyo, na hilo ndilo lililomliza.