Gari Lililozima Mlimani

Mwalimu alistaafu na vitu viwili: jina hilo, ambalo hata mkewe alimwitia, na gari la Kijerumani lenye umri wa miaka thelathini na mmoja. Lilikuwa gari zuri. Mlango wake ulijifunga kwa sauti nzito, ya heshima, na barabarani lilitulia kama limegandishwa kwenye lami. Tatizo lilikuwa moja tu. Likishapata joto, lilizima. Ukilisubiri dakika arobaini, liliwaka tena kana kwamba halijafanya lolote.

Kwa miaka mitatu alihangaika nalo. Alibadilisha plagi, chujio la mafuta, mwishowe pampu yenyewe. Fundi umeme wa jirani, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alimwambia mapema kabisa, "Mwalimu, hebu fungua rilei ya pampu, kile kisanduku kinachoipelekea umeme. Hizi za zamani lehemu hupasuka kwa ndani. Joto likizidi, umeme unakatika."

Mwalimu alicheka. "Wewe uliyekuwa ukipata sufuri kwenye hesabu ndiye wa kunifundisha?"

Fundi alitabasamu kwa adabu. Hakurudia tena.

Asubuhi waliyopigiwa simu kwamba dada wa mkewe amezidiwa, hospitali ya mji wa pili, mkewe alikuwa ameshashika mkoba. "Nawahi basi la saa mbili."

"Upande basi na gari lipo uani? Shemeji akisikia atanionaje?"

"Asikie nini, Mwalimu? Hata maji hamezi."

Lakini alipanda gari la mumewe. Miaka thelathini na minane ya ndoa ilikuwa imemzoesha kupanda.

Katikati ya mlima injini ikakata. Mwalimu alifungua boneti, akasimama akiikodolea macho injini kana kwamba ni mtoto mtukutu. "Dakika arobaini tu," alisema. Mkewe alikaa kumi, akashuka, akasimama kando ya barabara. Basi la saa mbili lilikuwa limeshapita. La saa nne ndilo lililomchukua.

Alipofika wodini, kitanda cha dada yake kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka safi. Muuguzi alimwambia kwamba tangu alfajiri, kila mlango ulipofunguliwa, mgonjwa aliuliza kama ni mdogo wake.

Wiki moja baada ya maziko, Mwalimu aliichomoa rilei, akabandua kifuniko chake kwa kisu. Ufa mwembamba kama unywele ulizunguka lehemu ya mguu mmoja wa chuma. Alimpelekea fundi, naye akaulehemu papo hapo. "Pole kwa msiba, Mwalimu," alisema tu. Mwalimu angependa fundi amcheke.

Alilijaribu gari hadi kule mlimani na kurudi. Halikuzima. Kwenye kona moja alijikuta anapiga mluzi, akaona haya, akanyamaza. Kona iliyofuata akaanza tena.

Nyumbani alimkuta mkewe akikunja nguo za marehemu. "Limepona," alisema. "Twende nikuzungushe kidogo."

"Lilikuwa na nini?"

"Ufa mdogo tu. Kwenye rilei."

"Ile aliyokwambia fundi?"

Mwalimu aligeuzageuza ufunguo wa gari kiganjani.

"Nenda wewe," mkewe alisema, akichukua gauni jingine. "Likizima, usinipigie."

Alikwenda peke yake. Aliporudi jioni, mto wake na shuka moja vilikuwa vimewekwa kwenye kochi la sebuleni, vimekunjwa vizuri. Alilala hapo siku hiyo, na zilizofuata.