Zamu ya Nane

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa shaurini na chungu cha maua.

Kilikuwa chungu chenye mgadenia wa mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, aliyeniachia niutunze mpaka atakaporudi kutoka Lushoto keshokutwa. Majani yalikuwa yamegeuka manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Mti huo aliupanda mwaka aliofiwa na mumewe. Ukifa mikononi mwangu, hakuna maelezo yatakayofaa, hata ya kikemia, na kemia ndiyo ninayofundisha.

"Mimi ni chungu," kikasema chungu.

"Chombo au ladha?" nikauliza, maana neno lazima lifafanuliwe.

"Vyote viwili. Onja."

Nikaonja udongo. Ulikuwa mchungu kama magadi. "Alkali," nikasema. Chungu kikaridhika, kikafungua mlango ubavuni.

Naingia. Ndani ni zahanati yenye mabenchi. Mizizi imepanga foleni, imekonda, kila mmoja umeshika bakuli tupu. Nyuma ya wavu ameketi Chuma, mnene, mwekundu kwa kutu, anapiga miayo. Mlangoni amesimama Nane, ile tarakimu ya alkali kwenye kipimo cha uchachu, amevaa sare na funguo shingoni.

"Chuma kimejaa humu," namwambia. "Mbona hawapewi?"

"Kujaa kimejaa, ila hakiyeyuki. Nikiwa zamu mimi, hatoki mtu. Akishika Tano na Nusu, mwenzangu mwenye uchachu kidogo, mlango hufunguka wenyewe."

"Basi mwite."

"Mwalimu, unanichekesha. Kila asubuhi unanimwagia maji ya kisima, chokaa tele. Nani aache kazi yenye staftahi?"

Natoa ndimu mfukoni. Mizizi yote inajificha chini ya mabenchi.

"Ukiikamua hiyo," anasema Nane, "atakuja Tatu. Yule hufungua mlango kwa moto."

Nairudisha ndimu mfukoni.

Mara zahanati ikawa stendi ya mabasi ya Lushoto, na mvua ilikuwa ikinyesha. Nane alikuwa bado mlangoni, sasa mlango wa basi. Bi Mwanakombo naye alikuwa kwenye foleni ya mizizi, bakuli mkononi.

"Mkwe wangu, mgadenia umeupaka bizari?"

"Hapana, mama. Ni chokaa ya maji ya kisima."

"Kisima! Mie naunywesha ya mvua."

"Hukuniambia."

"Nawe hukuuliza. Mwalimu mzima!"

Niliona hoja ina msingi. Nikanyunyiza salfa kidogo juu ya udongo, maana vijidudu vikiila huigeuza uchachu. Vijidudu vikaja na vijiko, vikaanza kula taratibu.

"Mtamaliza keshokutwa?" nikauliza.

"Sisi tunakula kwa wiki nyingi," vikajibu. "Hatuli kwa amri."

Nikamtazama Bi Mwanakombo, nikasubiri hukumu.

"Nitangoja," akasema. "Mgonjwa aliyejulikana ugonjwa wake hachimbiwi kaburi."

Nane akanyoosha ulimi, akaonja mvua. Haikuwa na chokaa hata chembe. Akashusha pumzi, akaanza kufunga mizigo yake bila kinyongo. Mizizi ikampisha.

Niliamshwa na mke wangu, Hadiya, akinisukumia simu begani. "Mama huyu. Anakutaka wewe, si mimi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Heri umekumbuka, maana kule stendi ulinijibu kwa chokaa bila hata salamu. Haya, na yule Nane, ameshaondoka?"