Jungu la Ebiere

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Ebiere alikuwa kambini kwake kwenye mikoko ya Azubiri, anakata vitako vya konokono wa mtoni kwa ajili ya supu, huku jungu lake la mafuta ghafi likichemka. Petroli ilikuwa imeshatoka. Mafuta ya taa nayo yameshatoka. Dizeli ikakoma kudondoka, na hapo ndipo wapishi wote wa mafuta huzima moto wakamwaga lami mtoni. Ebiere hakuzima. Alikulia kwenye jungu la gongo la mama yake, na wapika gongo hawaondoi moto mpaka jungu linyamaze lenyewe. Mkono umeshazoea, utafanyaje? Akaendelea na konokono wake.

Bomba la jungu likakohoa, likatoa maji.

Yalikuwa maangavu, ya baridi, hayana harufu. Pipa la pili lilipokaribia kujaa akatoka perege mmoja mzima, akajigeuza ubavu, akaogelea. Ebiere akamhamishia kwenye karai. Alipochungulia jungu hakukuta lami hata ya kujaza kijiko.

Akampelekea maji hayo mama yake, Bibi Diseye. Bibi alikuwa na miezi hanywi maji ya mto, kwa sababu bomba la kampuni lilipasuka miaka kumi na moja iliyopita na hakuna aliyekuja kuliziba, na lami ya wapishi, ya Ebiere ikiwemo, ikamalizia. Mvua ilileta masizi. Maji ya pakiti yalifika kutoka mjini yalipojisikia. Basi bibi alikauka, akawa mwepesi mno, hata Ebiere akitoka ilibidi amwekee mchi wa kinu juu ya kitenge ili upepo usimchukue.

Bibi akanywa bakuli zima. "Haya ni ya mto huu huu," akasema. "Ya mwaka nilioolewa."

"Una hakika, mama?"

"We mtoto! Nimeyaogea asubuhi ya harusi yangu, leo niyasahau?"

Kufikia Ijumaa mchi ulirudi kwenye kinu. Azubiri nzima ikaja na ndoo.

Ndipo zikaja habari kwamba serikali inatuma kamati kuuliza kama wapishi wa mafuta wapewe vibali au waendelee kuchomewa majungu. Ebiere alishachomewa mawili. Akachana nywele, akafua kitenge cha sikukuu.

"Serikali ikishaingia jikoni, wewe utaachiwa ukoko," kaka yake Tonbra akamwambia. "Vibali watapewa wenye matumbo yao."

"Tonbra, hili likichomwa mama anapaa. Utamkamata wewe?"



Kamati ilikuja na buti za mpira: mwenyekiti, askari wawili, na karani mwanamke mwenye fomu. Waliona petroli, wakaandika. Waliona mafuta ya taa na dizeli, wakaandika. Maji yalipoanza kutoka mwenyekiti akaomba kikombe. Alipokunywa alivua miwani, akasema bibi yake alikuwa akifunga mtumbwi kwenye maji hayo, akalia kidogo, akaomba kikombe cha pili.

"Tuandike wapi hili?" karani akauliza. "Sisi ni wizara ya mafuta. Maji yana wizara yake."

"Si andika hapo kwenye mengineyo," Ebiere akasema.

"Mengineyo, dada yangu, ni taka."

Mwenyekiti akafuta miwani, akatia sahihi.

Kibali kilifika mvua zilipokwisha. Namba moja, kimefunikwa plastiki, jina lake limeandikwa sawasawa. Ebiere ameruhusiwa kupika petroli, mafuta ya taa na dizeli. Sharti la tisa lilisema kiowevu chochote kitokacho baada ya dizeli ni taka isiyopimwa, isihifadhiwe, isibebwe, asipewe mtu, imwagwe mtoni mbele ya mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, mwenye kiti chake mwenyewe. Kila siku Ebiere alimwaga, na kila siku mto ukawa safi kwa urefu wa mtumbwi mmoja. Mizizi ikaonekana, na kaa anayetembea. Kisha mafuta yakafunika tena. Mkaguzi akaandika saa.

Bibi Diseye akaanza kupungua tena. Mchi haukutosha, akawekewa na kinu. Ebiere alimlilia mkaguzi waziwazi. Mkaguzi akasema pole sana, mama, mimi nimetumwa tu.

Lakini mkaguzi alikuwa na tabia ya kwenda kula saa saba. Ebiere akajifunza kupika kwa kuhesabu saa yake, ili maji yatoke kiti kikiwa kitupu.

Alhamisi mchana akapiga kasia kurudi nyumbani, mapipa matatu ya dizeli juu, madumu mawili chini ya nyavu, midomo ya madumu ameipaka petroli. Kwenye kizuizi cha mtoni askari akaushika mtumbwi.

"Umebeba nini?"

"Dizeli, afande. Kibali hiki hapa."

"Na chini ya nyavu?"

"Petroli."

"Isije ikawa maji, mama. Siku hizi mmezidi."

"Mimi na maji wapi na wapi, afande? Nusa mwenyewe."

Askari akainama, akanusa dumu la kwanza, akanusa la pili. "Petroli nzuri," akasema, akausukuma mtumbwi kwa mguu ili upite.