Mtazamaji Hasemi

Siku ya kwanza mwalimu Ndayisaba aliingia darasani, akavuta kiti, akakaa, kisha akawauliza wanafunzi kwa nini wote walikuwa wamesimama.

"Ni heshima, mwalimu," alisema Faradji, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu.

"Nani alikuamuru?"

"Hakuna."

"Na kama ungekaa?"

"Ningekaa, hawa wangeniangalia mubaya."

"Hayo macho yao," alisema mwalimu, "ndiyo tutakayoyasoma mwaka huu."

Alifundisha kwa Kiswahili, maana nusu ya darasa walivuka mpaka kutoka Goma. Somo lenyewe, elimu ya jamii, lilikuwa jipya hapo Gisenyi, upande wa Rwanda. Atakayekuwa wa kwanza angepelekwa Bukavu kusomea kazi ya ofisi.

Aliwapa njia tatu za kutazama watu. Ya kwanza, jamii ni mwili: kila kiungo kina kazi yake, hata kile tunachokionea haya. Ya pili, jamii ni mvutano: wenye nguvu na wasio nazo wanavuta kamba moja, na desturi huelekea kumpendelea anayeshinda. Ya tatu, jamii ni maana: watu wakiliamini jambo na kulitenda, matokeo yake huwa ya kweli hata kama jambo lenyewe ni uongo. Juu ya zote tatu aliweka sheria moja.

"Mtazamaji hasemi. Ukiingiza mdomo, umeharibu kile ulichotumwa kukitazama. Atakayeingilia, Bukavu aisahau."

Kila mmoja alipewa mahali pake. Gratien alitumwa ufukoni mwa ziwa, mitumbwi ilipotia nanga, na huko alikuwa amekulia. Shangazi yake Mukankusi, mjane asiye na mtoto, alikuwa ananunua kwa wavuvi samaki wadogo waitwao indugu na kuwauza sokoni. Kwa samaki hao alimlea Gratien tangu mama yake alipofariki, na kwa samaki hao alimsomesha.

"Ndugu! Ndugu mubichi!" aliita kila asubuhi.

"Mama, ndugu yako unauzisha bei gani?" wapiga kasia walimtania.

"Kama ni wewe, nitakutoa bure, na kitunga juu!"

Asubuhi moja nyavu zilikuwa zimetandazwa mchangani. Languida, mke mpya wa Mbonigaba mwenye mtumbwi, alikuja na uji wa mumewe. Alikuwa wa Mudende, huko juu kwenye viazi na ng'ombe, na mambo ya ziwa hakuyajua vizuri. Aliinua kitenge kidogo, akauruka wavu. Kwenye ufuko ule mwanamke haruki wavu. Wanasema akiuruka, ziwa hudai roho ya mtu. Mukankusi alikuwa mbali, akiosha kitunga chake cha samaki. Gratien aliona yote mawili, akayaandika.

Alasiri upepo ulivuma, mtumbwi wa Mbonigaba ukapinduka, na mdogo wake akazama.

Jioni ufuko mzima ulikuwa unasema kwamba kuna mwanamke aliyeruka wavu. Asubuhi iliyofuata ulikuwa umeshasema ni nani. Kitunga cha Mukankusi kilikanyagwakanyagwa, kikatupwa majini. Wanawake aliouza nao samaki miaka yote walimrushia majivu, na Mbonigaba akatangaza kwamba mtumbwi utakaomuuzia huyu mama hautasukumwa tena na mtu.

Mukankusi alijifuta macho, akatafuta kwa kutazama huku na huku mpaka akamwona Gratien, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, penseli mkononi.

"Gratien, we ulikuwa hapa. Baambie."

Wengine wakageuka kumtazama. Walingoja kidogo. Gratien aliangalia karatasi yake, na baada ya hapo wakaacha kungoja.

Alhamisi alisoma taarifa yake darasani. Hakuacha kitu, hata mguu wa Languida. Mwalimu Ndayisaba alisikiliza huku amefumba macho, kama mtu anayeonja asali.

"Tuanze na mwili," alisema.

"Ufuko ulipata kidonda," alijibu kijana mmoja. "Msiba ungewagawa. Wamemtoa mmoja, wamekuwa wamoja tena."

"Vizuri. Mvutano?"

"Languida iko na bwana, na bwana iko na mutumbwi," alisema Faradji. "Ule mama hana bwana, hana mutoto. Kamba inakatikia pembamba, mwalimu."

"Safi kabisa. Na maana?"

"Wakishasema ameruka, basi ameruka."

Mwalimu alikuwa bado anaandika ubaoni mtu alipobisha hodi. Mukankusi alisimama mlangoni, kanga yake bado ina majivu.

"Mi natafuta mutoto yangu."

"Karibu, mama," alisema mwalimu kwa upole. "Wewe ndiye wa wavu?"

"Sikuruka wavu, bwana."

"Tunajua."

Mukankusi alimtazama, kisha akawatazama wanafunzi mmoja mmoja. "Munajua?"

"Sote. Tumetoka kusoma sasa hivi."

"Imana yangu, Mungu wangu!" Alishika kifua, akaanza kucheka na kulia pamoja. "Asante, wana wangu. Asante sana. Donc basi, mutakuja kubaambia?"

Nyuma ya darasa mtu alitoa kicheko kupitia puani.

"Hapana, mama. Hapa tunajifunza tu."

"Munajifunza nini?"

"Wewe, mama," alisema Faradji, na darasa zima likaangua kicheko.

Mukankusi alingoja kicheko kiishe. "Gratien, mwana wangu," alisema, "twende. Neno moja tu. Nikikosa ufuko, nitakula nini?"

Mwalimu aliweka chaki mezani. "Uko huru kabisa, Gratien. Mlango ule pale."

Gratien alisimama nusu. Alitazama mlango, akatazama wenzake, na wenzake wote walikuwa wanamtazama yeye. Akakaa.

"Mtazamaji hasemi," alisema, akiiambia meza.

Mukankusi alibaki mlangoni muda kidogo, kama aliyesahau alikuja kutafuta nini, kisha akaondoka.

"Mmeona?" mwalimu aliwauliza. "Hakuna aliyemfunga mdomo. Andikeni."

Waliandika. Gratien naye aliandika.

Alipofika nyumbani, mtaa wa Nengo, jioni, alikuta chakula chake kimefunikwa mezani na nguo za shangazi yake hazipo. Jirani alimwambia kwamba amepanda Mudende kulima viazi vya watu.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, Gratien alikuwa wa kwanza. Siku hiyohiyo alishuka ufukoni. Mtihani ulikuwa umekwisha, hakukuwa tena na kitu cha kuharibu. Alimkuta Mbonigaba akishona wavu, akamweleza yote, polepole, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa.

Mbonigaba hakuinua kichwa. "Iko nini ya kunieleza? Uji ilikuwa ya nani, si yangu? Nilimuona anaruka."

"Uliona?"

"Tuliona wote. Siku ile tulikungoja wewe. Damu yake. Kama mutu mumoja angesema, mimi pia ningenyamaza, ningeacha ule mama. Wewe ukaangalia karatasi." Alikata uzi kwa meno. "Nilishapoteza ndugu. Ulitaka nipoteze na bibi?"

"Nitasema leo. Mbele ya wote."

"Sema. Leo sisi wote tutakuwa tunaapa tulimuona na macho. Bon, enda usome."

Gratien alipanda barabara ya Mudende. Kabla ya kufika alimkuta Mukankusi njiani, akishuka na gunia la viazi kichwani, shingo imeingia mabegani. Alimwita shangazi, akanyoosha mikono ampokee mzigo.

Mukankusi alitoka barabarani, akasimama kwenye majani, kama watu wanavyompisha mgeni mwenye cheo.

"Jambo, bwana," alisema, na akangoja apite.