Mfuko wa Mchanga Miguuni pa Rodah

Haya niliambiwa na Hezekiah mwenyewe, mwaka wa tisini na saba, siku tuliyokuwa tukipukuchua mahindi kwake kule Boito. Aliyasimulia ameinamia gunzi kama mtu anayeungama, na watu wakacheka mpaka kazi ikasimama. Nami nilicheka. Nilipofika nyumbani nikayafikiria tena.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, mwezi wa sita, na mvua haikuwa na huruma. Rodah, mke wa Hezekiah, alikuwa anatoka kuchuna majani chai, kikapu kimejaa mgongoni. Alipokanyaga gogo la kuvukia mto, mguu ukateleza, akaangukia mawe, paja likavunjika. Hezekiah alikuwa bado anateremka upande wa pili kuja kumpokea. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila siku ya kuchuna, kwa miaka ishirini na miwili, alimkuta pale mtoni, akamwambia, "Lete," akajitwika kikapu mwenyewe mpaka senta ya kupimia majani. Hakuwa mtu wa maneno. Lile "lete" ndilo lilikuwa salamu, na pole, na mengine yote. Siku hiyo alichelewa kwa sababu alisimama kumfunga ng'ombe aliyekata kamba.

Hospitalini daktari alipitisha chuma kwenye mfupa chini ya goti la Rodah, akafunga kamba. Kamba ikapita juu ya kigurudumu mwisho wa kitanda, na upande wa pili ukaning'inizwa mfuko wa mchanga. Kilo saba. "Wiki kumi na mbili," alisema daktari. Kama alisema zaidi ya hapo, Hezekiah hakusikia, maana macho yake yalikuwa yameshikwa na ule mfuko.

"Unavuta?" alimuuliza mkewe walipoachwa peke yao.

"Unavuta. Mchana na usiku, kama ndama asiyetaka kurudi nyumbani."

Hezekiah akazunguka kitanda, akaketi upande wa miguu, akauinua mfuko polepole akaupakata. Kamba ikalegea. Rodah akashusha pumzi, akafumba macho, akalala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu avunjike.

Sasa mtu aone hivyo, kesho asirudi?

Alirudi kila siku. Boma lote alimwachia Chepngetich, kifungua mimba wao: kukamua, kupika, kuchuna. Yeye saa nane alikuwa wodini, saa kumi na mbili ndipo anaondoka, na katikati mfuko ulikuwa mapajani pake. Kwenye kitanda cha jirani alilala Mongina, mama Mkisii ambaye mumewe alifanya kazi kwenye shamba kubwa la chai. Huyo alikuwa na mguu ndani ya plasta na masikio yasiyolala.

"Shemeji, viatu!" alinong'ona kila aliposikia viatu vya sista Yunia, muuguzi wa wodi, vinakuja. Hezekiah aliushusha mfuko, akaanza kuhesabu mbao za dari. Sista akishapita, Mongina alicheka mpaka kitanda kikalia.

"Mume wangu mimi hata mtoto hajawahi kunipokea. Wewe unapakata mchanga!"

"Mchanga haukojoi," alijibu Hezekiah.

Wiki ya sita walipiga picha ya mfupa. Daktari aliiinua dirishani, akakunja uso, akaamuru mfuko uongezwe ufike kilo tisa. Hezekiah aliona huo ni ukatili, na tangu siku hiyo akawa anafika saa sita. Wiki ya tisa wakapiga picha nyingine. Safari hii daktari alimwita sista Yunia pale pale kando ya kitanda.

"Sista, ni nani anaangalia hii kamba? Wiki tisa, na vipande vya mfupa bado vimepitana." Akaonyesha kwa vidole viwili, kimoja juu ya kingine. "Uzito ukivuta bila kuacha, vinarudi, vinatazamana, vinashikana. Ukilegezwa hata saa moja, nyama ya paja inavirudisha palepale. Sasa mama huyu atatoka na mguu mfupi, ama aende kupasuliwa Nairobi. Na wewe nitakuandikia barua ya onyo."

Yunia aliinamia kamba, akaikagua fundo kwa fundo. Alikuwa msichana mwembamba, na kila jioni ndiye aliyemchana Rodah nywele.

Hezekiah aliniambia kwamba hapo mapaja yalimwasha, mahali penyewe ambapo mfuko ulizoea kukaa.

"Daktari, si sista," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa nampokea."

"Unampokea nini?"

"Huo mzigo. Nauweka hapa. Tangu saa sita mpaka saa kumi na mbili."

"Siku ngapi?"

"Zote."

Daktari akavua miwani, akaipangusa ingawa haikuwa na uchafu. Mongina akajifunika shuka mpaka kichwani. Yunia ndiye aliyeshindwa kujizuia kwanza, akacheka huku analia.

"Mzee," daktari akasema mwishowe, "tunaanza upya. Wiki nane. Safari hii mfupa ukikataa, ni kisu."

Walipoondoka, Hezekiah hakuweza kumtazama mkewe. "Nimekuharibia mguu," alisema.

Rodah akamjibu: "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Sista aliniambia siku ya kwanza, kamba isiguswe. Sikujua ni vibaya namna hii, lakini kwamba haifai, nilijua."

"Na mbona hukunikataza?"

"Nikukataze, halafu ungeketi hapa kufanya nini? Ungekuja Jumapili na maziwa, uulize kama nimekula, urudi kwa ng'ombe wako. Miaka ishirini na miwili, Baba Chepngetich. Ni lini uliketi na mimi mchana mzima?"

Hezekiah alitafuta siku hiyo kichwani, asiipate.

Kesho yake sista Yunia alikuwa amehamisha kiti, amekiweka upande wa kichwa. Hezekiah akaketi, asijue mikono aiweke wapi. Alisema habari za ng'ombe zikaisha, na jua lilikuwa bado juu. Siku ya tatu akakumbuka kusimulia jinsi Chepngetich alivyopika maharagwe yakawa makaa, akawaambia wadogo zake wale tu, ni dawa ya minyoo. Rodah alicheka, uchungu ukamkata katikati ya kicheko. Hata hivyo akasema, "Nyingine."

Siku ya tano ilishinda mvua, na baridi ikaingia ndani ya mfupa wenyewe.

"Baba Chepngetich. Pokea."

"Hapana."

"Kidogo tu. Mpaka mvua ikatike."

"Hapana, Mama Chepngetich."

"Wewe ni jiwe! Baba yangu alisema. Alisema watu wa kwenu wana roho za mawe, na mimi nikamwambia huyu si kama wale. Nilidanganyika!"

"Shemeji, hebu muinulie," alisema Mongina. "Mimi nitaangalia viatu."

"Mama, wewe kaa na plasta yako!"

Mikono ya Hezekiah ilikuwa imeshaanza kuinuka yenyewe. Akaisukuma chini ya mapaja, akaikalia. Rodah akaendelea kumtukana, yeye na ukoo wake, mpaka alipogeuza kichwa akaona machozi yanamshuka mumewe mpaka kidevuni. Hakuwa amewahi kuyaona, hata siku walipomzika mama mzazi wa Hezekiah.

"Sasa wewe unalia nini, na mguu ni wangu?" alisema. Na baada ya muda, kwa sauti ya chini: "Haya. Niambie tena ya maharagwe."

Wiki ya tano ya hesabu mpya, daktari aliinua picha dirishani, akakaa nayo mpaka Hezekiah akaanza kusali. Kisha akageuka, akaweka vidole viwili ncha kwa ncha.

"Vimetazamana. Vimeanza kushikana."

Yunia alipiga kigelegele, akajiziba mdomo.

"Na urefu?" aliuliza Hezekiah.

"Utapungua upana wa kidole. Ataning'inia hapa wiki tatu, kisha plasta, kisha magongo. Lakini atatembea, mzee. Kisu hakuna."

Daktari alipokwenda, Hezekiah akaanza habari ya ua wa upande wa jirani yao Gibson, nguzo zipi zimeoza na zipi zinaweza kungoja mwaka ujao. Mvua ya alasiri ilishuka kwenye mabati. Mongina alikoroma kabla ya nguzo ya nne. Rodah akasema, "Endelea, nasikia," macho yamefumbwa, na baadaye kidogo hakusema tena.

Yeye akaendelea, polepole, maana zilibaki nguzo chache na hakutaka ziishe. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Sista Yunia akachungulia, akaona kiti bado kiko upande wa kichwa, akarudi kwa ncha za vidole. Hezekiah alikuwa ameegemeza kichwa kwenye ukingo wa godoro, karibu na bega la mkewe. Alifika nguzo ya pale langoni, akasema hiyo ni ya mti mgumu, hiyo haina... na usingizi ukamchukua.