Yatabinafsishwa

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa chumba cha ushonaji, hapo hospitalini, cherehani hazijapata hata moto: "Kuanzia mwezi ujao, mavazi ya wagonjwa yatabinafsishwa."

Mkataji wa vitambaa alilisoma mara mbili, akavua miwani.

"Shemeji, tumeuzwa."

"Kwa nani?" aliuliza Bi Vifungo, mshonaji, pini zimemjaa mdomoni.

"Hawajasema. Umesahau kiwanda cha nguo? Kilibinafsishwa Ijumaa, Jumatatu mlinzi mpya anatuuliza sisi ni nani."

Bi Vifungo alizitema pini kiganjani. Hakusahau. Mkataji huyu alikuwa mdogo wa mumewe. Kiwandani walifukuzwa pamoja, na hapa walifanya kazi kama jozi ya viatu: shemeji anakata, yeye anashona. Mkasi mkubwa hakuwahi kuugusa.

"Wale wa kiwanda cha magodoro bado wanakutaka kazini?"

"Wanataka jibu leo. Nikuache peke yako?"

"Nenda. Una watoto wanaokula kama mchwa. Mimi nitabaki nimpigie saluti mwenye mali."

"Mpigie kwa mguu, mikono inachoka."

Walicheka, kicheko cha watu waliokwisha kuumwa na nyoka. Kisha shemeji akachukua koti lake, akaenda.

Mchana muuguzi mkuu aliingia na mzee aliyekatwa mkono wa kushoto hadi begani.

"Huyu ndiye wa kwanza. Mpimeni."

"Wa kwanza wa nini?"

"Tangazo hukuliona? Tunabinafsisha mavazi. Kila mgonjwa ashonewe lake, lifuate mwili wake. Tumechoka kukunja mikono mitupu ya nguo na kuibana kwa pini."

"Kumbe si kuuzwa?"

"Nani anunue chumba hiki, dada? Cherehani mbili, na moja ina pumu!" Muuguzi mkuu alitazama huku na huku. "Mkataji yuko wapi? Sasa kazi yote iko kwake."

Bi Vifungo alitoka nje na simu.

"Shemeji, rudi! Neno lile lina maana mbili."

Upande wa pili mashine zilinguruma.

"Nimeshasaini," shemeji akasema taratibu. "Na bosi wa hospitali nimeshampigia, nimemmwagia yote ya moyoni. Hapo harudi mtu, shemeji."

"Mimi ndiye niliyekutuma."

"Ulinitakia mema."

Bi Vifungo aliporudi ndani, hakungoja kuulizwa tena mkataji yuko wapi.

"Nitakata mimi," akasema.

Alichukua utepe wa kupimia. "Baba, inua mkono." Akajiuma ulimi.

"Upi?" mzee akauliza, uso mkavu. Kisha akauinua ule mmoja. "Huu hapa, mwanangu. Chaguo si kubwa."

Bi Vifungo alipima bega zima, kisha lile lingine, polepole, kama anayegusa maji ya moto. Akatandaza kitambaa, akachora kwa chaki, akafuta, akachora tena. Mkasi ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na muuguzi mkuu alikuwa amevuta kiti, amekaa kungoja vazi la kwanza.